Sasa, Zamani na Kesho: Juu ya Fundisho la Kasisi Mbiti Kuhusu Wakati

Katika vitabu vilivyoandikwa na Waafrika Wakristo juu ya mila za Waafrika, hatudhani kama kuna kilichosomwa katika vyuo vya uchungaji kuliko kile kilichopigwa chapa mwaka 1969, African Religions and Philosophy, yaani Dini za Kiafrika na Falsafa, cha marehemu Kasisi John Mbiti. Wengi wa ndugu zetu makasisi walikisoma walipokuwa wanafunzi. Wengine hawakukisoma, ila walisikia habari zake kwa walimu wao, wakaziandika katika madaftari. Na yale ya madaftari yamefika mimbarani na katika madarasa ya ubatizo. Sisi hapa twataka kusema juu ya jambo moja tu la kitabu hicho, nalo ni fundisho lake juu ya wakati. Ndilo lililoenea kuliko mafundisho yake mengine yote, na kwa maoni yetu ndilo lililo dhaifu kuliko mengine yote.

Sababu ya kuandika ni hii. Miaka michache iliyopita tulikuwapo katika kijiji kimoja cha pwani, ambako mwalimu kijana alikuwa akiwafundisha watu wazima waliojiweka tayari kwa kipaimara. Somo la siku ile lilihusu tumaini la Mkristo. Mwalimu akaanza kwa kusema ya kwamba babu zetu hawakuwa na wakati ujao. Walijua yaliyopita na yaliyopo, basi. Na ndiyo maana hata leo watu hawaweki akiba, hawalipi ada za shule kwa siku zake, wala mahubiri ya ufufuo hayawaingii moyoni. Alisema kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa chuoni. Watu wakanyamaza kimya. Mzee mmoja tu, mwenye shamba la minazi, akauliza kwa upole, "Mwalimu, minazi hii mimi niliikuta. Aliyeipanda alimpandia nani?" Mwalimu hakuwa na jibu. Sisi nasi, ingawa tuna miaka mingi katika kazi hii, hatukumsaidia mmoja wala mwingine, tukaondoka tumeona haya. Haya yaliyoandikwa hapa ni jibu letu kwa yule mzee, nalo limechelewa.

Lakini kwanza yatupasa kumtendea haki mwandishi. John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 katika nchi ya Ukambani, wilaya ya Kitui, akasoma Makerere, kisha Marekani, kisha Cambridge, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1963. Aliwekwa wakfu kuwa kasisi wa Kianglikana. Alifundisha Makerere miaka kumi, toka 1964 hata 1974, na baadaye akakaa Uswisi, alikoongoza chuo cha Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Bossey, akafanya kazi ya uchungaji katika mji wa Burgdorf, akafariki mwaka 2019. Alikusanya hadithi za Wakamba. Alikusanya habari za majina ya Mungu na sifa zake kwa makabila karibu 300. Na katika uzee wake aliitafsiri Agano Jipya katika Kikamba, akianzia katika Kiyunani chenyewe. Mtu wa namna hiyo hakosolewi kwa haraka. Tena tukumbuke aliandika wakati gani. Vitabu vingi vya wageni vilikuwa vikisema ya kwamba Mwafrika hana dini bali ana ushirikina, wala hana fikira za kumfaa mtu wa elimu. Mbiti alisimama akasema kinyume chake: dini imeenea katika maisha yote ya Mwafrika, shambani na jikoni, katika kuzaliwa na katika kuzikwa, hata haiwezekani kuitenga na mambo mengine, na Mungu aliyehubiriwa na wamishenari ndiye yule yule ambaye Waafrika walikwisha kumjua kwa sehemu kabla hawajaja. Kwa neno hili Kanisa lote la Afrika lina deni kwake.

Sasa tuje katika fundisho lenyewe. Mbiti asema kwamba kwa mawazo ya asili ya Waafrika wakati ni mfuatano wa mambo yaliyotukia, yanayotukia, na yale ambayo hayana budi kutukia mara. Jambo lisilotukia bado, wala halimo katika mwendo wa kawaida wa dunia kama vile mvua za masika au kuzaa kwa mwanamke mwenye mimba, halimo katika wakati hata kidogo. Kwa hiyo wakati una sehemu mbili: yaliyopita, ambayo ni marefu mno, na yaliyopo; yajayo karibu hayapo. Katika Kikamba na Kikuyu alitafuta namna za kitenzi zinazotaja yajayo, akaona ni tatu, nazo hazivuki miezi sita, au ikizidi sana miaka miwili. Sehemu ya karibu akaiita Sasa, na ile ya mbali Zamani. Mambo huondoka katika Sasa na kuzama katika Zamani, kama mito inavyoingia baharini. Mtu naye akifa huendelea kuwamo katika Sasa maadamu wako wanaomkumbuka kwa jina, na atakapokufa wa mwisho wao, huzama. Ndiyo maana, asema, Mwafrika ameelekeza uso wake nyuma, na kuhubiriwa kwa mwisho wa dunia kulikuwa kwake habari ngeni kabisa.

Ni fundisho zuri kwa kusikiliza. Limefungwa vizuri kama tita la kuni, na mwanafunzi aweza kulichukua kichwani mpaka siku ya mtihani bila kumwaga kitu. Labda hiyo ndiyo sababu moja ya kuenea kwake.

Mtu anayesema Kiswahili tangu utoto akifungua kitabu hiki, jambo la kwanza linalomshangaza ni majina yenyewe. Mwandishi aeleza ya kwamba alichagua maneno ya Kiswahili ili kuepuka mawazo yanayofuatana na maneno ya Kiingereza. Vema. Lakini zamani ni neno la Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni wakati tu, au zama. Na sasa nalo asili yake ni neno la Kiarabu la saa. Basi majina mawili yaliyotwaliwa kuonyesha wakati wa Mwafrika usio na mchanganyiko wa kigeni, yote mawili yalikuja na jahazi. Hatusemi hivi kwa kumcheka. Neno likishatumika na watu miaka mamia huwa lao. Twasema kwa sababu lililo la asili lilikuwapo: hapo kale, watu wa kale, mambo ya kale. Tena katika uchunguzi wake juu ya Wakamba peke yao alitumia maneno ya Kikamba, mituki na tene, na hapo alikuwa juu ya ardhi aijuayo. Maneno ya kabila moja yalipovuliwa na maneno ya Kiswahili kuvikwa mahali pake, ndipo habari za Ukambani zilipogeuka kuwa habari za bara zima. Kiswahili kilitumika kama kanzu ya kuazima. Hakikuulizwa chenyewe kinasema nini.

Basi na tukiulize. Mswahili akihesabu siku zilizopita ana jana na juzi. Akipita hapo husema majuzi, au hutaja idadi ya siku. Akihesabu zijazo ana kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Nyuma maneno mawili, mbele manne. Kwa lugha ya watu wasiokuwa na wakati ujao hii ni hesabu ya ajabu. Na hilo neno kesho halikutoka ugenini. Ni jamaa ya kukesha na kucha, ni siku ambayo mtu ameifikia baada ya kuupita usiku. Tena wakati ujao kwa Kiswahili u mbele: twasema siku za mbele, huko mbele tutaona, na yaliyopita yako nyuma. Haya si maneno ya watu walioelekeza uso nyuma.

Hali kadhalika mithali. Kila mtoto wa pwani ajua ya kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ajua akiba haiozi. Ajua majuto ni mjukuu, na hii twaipenda kuliko zote kwa ajili ya fundisho hili, kwa sababu aliyeitunga alipotaka kupima umbali wa tendo na malipo yake hakutwaa miezi sita wala miaka miwili. Alitwaa vizazi viwili. Ndipo tunapofika kwenye minazi ya yule mzee. Minazi mirefu ya pwani haizai kabla ya miaka sita hivi, na hukaa ikizaa miaka sitini na zaidi. Apandaye mnazi akiwa na mvi ajua kwamba yeye atakula kidogo tu. Hatudhani kama kuna ushahidi wa kitenzi uwezao kuushinda ushahidi wa shamba.

Hapa mtu aliyesoma Mbiti vizuri ataweza kutujibu, na jibu lake lina nguvu, nasi hatutaki kulipita kimya. Atasema: ninyi mwachukua ushahidi kwa Waswahili, nao ni watu waliofundishwa Uislamu miaka mingi. Msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi yake ya mwaka 1107. Watu waliosikia habari za kiyama na akhera vizazi zaidi ya thelathini, si ajabu wakiwa na maneno ya wakati ujao; na maneno yenyewe, kiyama na akhera, ni ya Kiarabu, jambo ambalo lathibitisha kwamba fundisho la siku ya mwisho lililetwa. Ni kweli. Twakubali ya kwamba fundisho la mwisho wa ulimwengu wote, siku moja, kwa hukumu moja, halionekani katika mila za asili za nchi hizi kama lilivyo katika Biblia au katika Kurani. Katika neno hilo Mbiti asema haki. Lakini kukosa habari ya mwisho wa dunia ni jambo moja, na kukosa kesho ni jambo jingine. Warumi wa kale hawakungojea mwisho wa dunia, na hakuna asemaye kwamba hawakuwa na wakati ujao.

Wala ushahidi si wa pwani tu. Majirani wa Wakamba upande wa magharibi, yaani Wakikuyu, ambao lugha yao Mbiti ameitumia pia, walikuwa na desturi ya ituika. Kizazi kimoja kilikabidhi utawala kwa kizazi kilichofuata, na vizazi vikapokezana majina, Mwangi na Maina, kila kimoja kikijua ya kwamba zamu yake itafika na ya kwamba zamu yake itakwisha. Upande wa kaskazini, Waborana wana gada. Viongozi hukaa katika daraja ya utawala miaka 8, na mtoto hufuata baba yake katika mpango wa madaraja kwa umbali wa miaka 40, hata mahali pake panajulikana kabla hajatoka tumboni. Watu wanaopanga miaka 40 iliyo mbele yao bila karatasi wala kalenda ya ukutani hawastahili kuambiwa kwamba mawazo yao hukoma baada ya miaka miwili. Na huko Ghana, mwanafalsafa Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alimjibu Mbiti kwa lugha ya Kiakani akionyesha ya kwamba maneno ya wakati ujao wa mbali yamo. Yeye alisimamia lugha yake, nasi twasimamia yetu.

Lakini kosa lililo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, halimo katika hesabu ya maneno, ila katika njia yenyewe. Na hapa twaomba saburi ya wasomaji, kwa sababu makasisi ndio waliofaa kuliona kabla ya watu wengine, kwa kuwa wamefundishwa Kiebrania. Mbiti alitazama vitenzi, akakata neno juu ya mawazo. Haya, tukifanye kipimo hicho kwa lugha ya Agano la Kale. Kiebrania hakina nyakati tatu za kitenzi kama Kilatini. Kina namna mbili kubwa, moja ya tendo lililotimia na moja ya tendo lisilotimia. Tena neno qedem, ambalo maana yake ni mbele au mashariki, ndilo litajalo mambo ya kale. Na neno la mwisho wa siku limetokana na asili ile ile ya neno la nyuma. Yaani Mwebrania, kwa lugha yake, ameyatazama yaliyopita, na yajayo yamfuata mgongoni. Kwa kipimo cha Mbiti ndiye angalikuwa mtu asiye na wakati ujao kuliko Mkamba. Na kumbe kwake ndiko walikotoka manabii! Tukifanye tena kwa Kiingereza. Lugha hiyo haina umbo la kitenzi lililo la wakati ujao. Husaidiwa na neno ambalo asili yake ni kutaka. Kiswahili hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa -ta- yetu, kama wataalamu wengi waonavyo, ni kipande cha -taka. Hakuna mtu aliyetoka Makerere kwenda London kuwaambia Waingereza kwamba hawana kesho.

Kosa hili halikuwa la Mbiti peke yake. Wakati ule wanazuoni wa Ulaya wenyewe walikuwa wakijenga nyumba kubwa juu ya maneno machache: wakati wa Wayunani ni duara, wakati wa Waebrania ni mstari, na mengine ya namna hiyo. Oscar Cullmann alitoa kitabu chake juu ya Kristo na wakati mwaka 1946, kikasomwa kila mahali. Mwaka 1961 James Barr alitoa kitabu cha kukosoa njia hiyo, akaonyesha kwamba sarufi ya lugha si dirisha la kuchungulia roho za watu; na mwaka 1962 akaongeza kingine juu ya maneno ya wakati katika Biblia. Mbiti alikuwa akiandika kazi yake ya Cambridge miaka ile ile. Njia iliyokuwa ikibomolewa kwa Waebrania ndiyo iliyojengwa upya kwa Waafrika, na sisi tukahamia ndani.

Baada ya kusema hayo yote twaona ni wajibu kusema na jambo ambalo Mbiti aliliona wazi, nalo halisemwi sana, kwa sababu limo katika kitabu kisichosomwa na wengi. Mwaka 1971 ile kazi yake ya Cambridge ilipigwa chapa, ikihusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho, yakilinganishwa na mawazo ya Wakamba. Humo anachungua namna watu wake walivyofundishwa na Africa Inland Mission, iliyoingia Ukambani mwaka 1895: juu ya mbingu, moto, mji, hazina, karamu, na kufutwa kwa machozi. Aonyesha ya kwamba mifano ya Maandiko ilifundishwa kana kwamba si mifano. Mbingu ikawa nchi ya pili iliyo mbali, yenye vyakula na majumba, na Ukristo ukawa tikiti ya kwenda huko. Watu wakaambiwa Bwana yu karibu kurudi, wakangoja, na alipokawia wengine wakapoa na wengine wakafuata kila mtu aliyesema ameijua siku. Kilichosahauliwa ni Kristo mwenyewe, ambaye ndani yake mambo ya mwisho yamekwisha kuanza, na sakramenti, ambazo kwazo Mkristo huyaonja sasa.

Hapa hatuna la kumkosoa. Tumehubiri hivyo sisi wenyewe. Tumesimama makaburini tukawaeleza wafiwa ramani ya mbinguni kana kwamba tumetoka huko juzi, na mjane aliyekuwa mbele yetu hakuuliza habari za barabara za dhahabu. Aliuliza kama mumewe amjua bado. Ajabu ni hii, kwamba uchunguzi huu wa Mbiti, ulio wa kweli na wa kufaa, hautegemei hata kidogo lile fundisho lake juu ya wakati. Ukiliondoa fundisho, uchunguzi wasimama palepale. Wakamba hawakuhitaji kuwa watu wasio na kesho ili wapotezwe na mahubiri mabaya juu ya mbingu. Wazungu nao wamepotezwa na mahubiri hayo hayo, ingawa wana saa mfukoni.

Na lile swali la mjane latuleta kwa wafu. Mbiti awaita wafu walio hai wale waliokufa lakini bado wakumbukwa kwa jina; wakiisha kusahauliwa, hawamo tena katika jamaa. Ametaja jambo ambalo kila mchungaji hukutana nalo, na afadhali yeye aliyelitaja kuliko wale waliolifunika kwa neno moja la ushirikina. Lakini hapa tena Kiswahili kingalimfaa, kama angalikiuliza. Sisi twamwita aliyekufa marehemu, yaani aliyerehemiwa. Jina lenyewe ni ombi. Na mtu wa heshima kubwa twamwita hayati, kama tunavyosema hayati Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Nalo ni neno la Kiarabu la uhai. Yaani hata mtangazaji wa redio, asiye na habari ya falsafa yo yote, anapomtaja mfu humtaja kwa neno la uhai. Na mtu akifa twasema ametangulia mbele ya haki. Mbele, si nyuma! Waliokufa, ambao kwa hesabu ya miaka wako nyuma yetu, kwa lugha ya kila siku wametutangulia, wako mbele, nasi tunawafuata. Katika maneno hayo machache ambayo mwanamke wa sokoni huyasema bila kufikiri, ile Zamani inayomeza watu haimo. Wafu hawazami, wanangojea.

Yawezekana neno hilo limetiwa nguvu na Uislamu, na sisi hatuna wivu. Mwalimu Mkristo akisimama kaburini akisema ya kwamba ndugu yetu ametangulia, hana haja ya kuwaeleza watu kwanza ya kwamba hawana wakati ujao ili apate kuwapa mmoja kutoka mfukoni mwake. Lugha imekwisha kumwekea mkeka. Iliyobaki kwake ni kusema ni mbele ya nani waendako, na kwa sababu gani si kwa hofu. Hilo ndilo neno la Injili, wala halikuwamo katika lugha. Tena jina lisiposemwa na mtu ye yote duniani, kwa imani yetu liko anayelijua. Yule mjane aliyeuliza kama mumewe amjua bado alistahili kujibiwa hivyo, wala si kwa habari za majumba.

Wako waliomkosoa Mbiti kwa njia nyingine. Okot p'Bitek wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliwalaumu wasomi Wakristo wa Afrika, Mbiti akiwamo, kwamba wamewavika miungu ya Waafrika mavazi ya Kiyunani, wakapata Mungu mmoja mwenye sifa zote za vitabu vya theolojia. Upande wa pili Byang Kato wa Nigeria, aliyefariki Mombasa Desemba 1975, alitoa mwaka ule ule kitabu cha kuonya, akimwona Mbiti kuwa anawafungulia mlango wote wasiomjua Kristo. Mmoja alimwona amezidi Ukristo, mwingine amepungukiwa nao. Sisi twaona wote wawili waligombana naye juu ya Mungu, wakaliacha fundisho la wakati liendelee na safari yake; naam, Kato aliligusa, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Ndiyo maana limefika mpaka darasa la kipaimara la kijiji kile, likageuka kuwa karipio la watu waliochelewesha ada. Mbiti mwenyewe, tunavyoamini, angalihuzunika kulisikia hivyo, maana aliandika ili kuwaheshimu Waafrika.

Yule mwalimu kijana hatumlaumu. Alipewa daftari. Tumemwandikia barua kumwambia haya kwa kirefu, naye ametujibu kwamba amekwenda kumtembelea mzee wa minazi, na kwamba mzee alimpa madafu, akamwonyesha mstari wa minazi michanga aliyoipanda mwaka huu mwenyewe, ingawa magoti yanamsumbua.

Imebaki kazi ambayo hatuwezi kuifanya peke yetu. Katika Kiswahili tumefika mtondogoo, siku ya nne. Twaambiwa katika lugha za bara ziko zinazoendelea zaidi, na ziko zinazokoma mapema. Walimu walio Unyamwezini, Usukumani, Uhehe, Uchagani, Ukambani kwenyewe na kwingineko watatufaa sana wakituandikia: siku za mbele zina majina mangapi katika lugha ya watu wao, na za nyuma ngapi, aliyekufa husemwa amekwenda wapi, mbele au nyuma, juu au chini, na mti gani hupandwa na mzee ambao yeye mwenyewe hatazamii kula matunda yake. Waandike maneno kama yanavyosemwa na wazee, bila kuyanyoosha, na wakumbuke kutia jina la kijiji.